Kwa Atupele, Aliyepasuliwa Kifua Bila Mimi

Mpendwa Atupele, uliyekuwa mke wangu,

Viazi alivyonipakilia mume wako kwenye basi nimevigawa vyote kwa majirani. Sikuonja hata kimoja. Mama Eva wa nyumba ya pili amesema ni viazi vizuri, vinaiva upesi na havipondeki, nikamwambia nimefurahi kusikia hivyo. Sikufurahi. Nakuandikia hili kwanza ili usije ukadhani nilirudi Iringa nikiwa na moyo mweupe kama nilivyojionyesha sebuleni kwenu. Nina wivu, Atu. Namwonea wivu yule mwanaume mpaka mate yananikauka, na kwa kuwa hapa sina ninayeweza kumwambia, nakwambia wewe.

Niruhusu nianze na kitu ambacho yeye hana.

Yeye hakuwepo siku ulipoingia dukani kwa Mzee Jayanti, pale Uhindini, ukainama mlangoni ingawa mlango haukuwa mfupi, kwa mazoea tu ya mtu mrefu. Ulikuwa mwalimu mpya, umepangiwa sekondari huko Kilolo, na miwani yako ilikuwa imekatika mkono ukaifunga kwa plasta ya kidonda. Mimi nilikuwa nakata lenzi na kuzipachika kwenye fremu, kazi ninayoifanya hadi leo. Uliponyoosha mkono kunipa ile miwani, niliona vidole vyako kabla sijaona sura yako. Virefu, vyembamba, kama vimeongezewa pingili moja. Mzee Jayanti, Mhindi aliyezaliwa hapa Iringa na anayeongea Kihehe kuliko mimi Mhehe, akakuamkia, "Kamwene!" Ukamjibu kwa Kinyakyusa, "Ugonile!" Mkacheka wote wawili kama mnafahamiana. Mimi nilibaki nimeshika miwani yako, na tayari nilikuwa nimemwonea wivu mzee wa watu.

Ulirudi siku ya daktari wa macho. Alikupima kwenye kile chumba chetu chenye pazia, mimi nikiwa upande wa pili nasugua lenzi. Aliangalia jicho moja, akaangalia la pili, akarudia, halafu akauliza, "Mwalimu, lenzi za macho yako zimesogea, haziko mahali pake. Kwenu kuna mtu mwingine mrefu hivi?"

"Baba. Alikuwa mrefu kunizidi."

"Yuko wapi?"

"Alifariki. Alikuwa analima Rungwe, akashika kifua, akaanguka. Watu walisema karogwa."

Niliacha kusugua. Daktari alishusha sauti, lakini pazia ni pazia. "Nenda ukapimwe moyo. Usingoje likizo."

Kwa hiyo, ukimtoa daktari, mtu wa kwanza kujua ni mimi. Kabla ya mama yako, kabla ya dada yako Subi. Wakati huo Lusajo, mume wako wa sasa, alikuwa wapi? Anauza viazi Uyole, hajui kama upo duniani.

Nilikusindikiza kupima, ukiwa bado hujanikubali. Unakumbuka yule dada wa eko, kile kipimo cha kuuona moyo kwenye skrini, alivyokupaka mafuta ya baridi kifuani, akasogeza kifaa chake huku na huku, akaita mwenzake aje aangalie? Baadaye daktari wa moyo alituchorea kwenye karatasi. Akasema ni ugonjwa wa Marfan, mtu anazaliwa nao, unalegeza zile nyuzi zinazoshikilia mwili, ndiyo maana macho, ndiyo maana vidole. Urefu na vidole havimuui mtu. Kinachoua ni mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo. Wako ulikuwa umetanuka pale unapoanzia. Ukitanuka sana ukuta unaweza kuchanika, na ukichanika hakuna muda wa kuita gari. Ndivyo alivyokufa baba yako, bila mchawi.

Akakupa dawa. "Hizi hazirudishi mshipa ulivyokuwa," alisema. "Zinaupunguzia kishindo, ili usitanuke haraka. Utameza kila siku, na kila mara tutapima."

Dawa ya kwanza, propranolol, ilikubana kifua ukawa unapiga mluzi kama birika. Wakakubadilishia atenolol, baadaye wakaongeza losartan. Atenolol ilikupa mikono ya baridi. Tulipooana tukahamia kile chumba na sebule cha Kihesa, na ile baridi ya Juni ya Iringa, ulikuwa ukirudi shule unaniingizia vidole mgongoni chini ya sweta bila hodi, nami napiga kelele, nawe unacheka mpaka unakaa chini. Mume wako wa sasa ana mgongo mpana. Niliuangalia sana alipoinama kuwasha jiko la mkaa. Nadhani unanielewa.

Miaka ile ilikuwa mizuri, usikubali mtu akwambie vingine. Jumapili tulikuwa tunakwenda kwa mama yangu Tosamaganga. Kile kilima ulikuwa unakipanda polepole kwa amri ya daktari, ukisimama kila mahali kusalimia watu ili wasijue unapumzika. Mama alikupenda. Alikuwa anakuwekea togwa pembeni, kikombe chako mwenyewe. Naye ndiye aliyesema, siku moja tu, na kwa upole, "Wanangu, nyumba yenu ina kimya." Hakurudia tena. Lakini wewe ulikaa nalo njia nzima ya kurudi, na tulipofika ukasema, "Festo, mimi nataka mtoto. Si kwa ajili ya mama. Mimi."

Tukaenda kwa daktari wa moyo. Kipimo cha mshipa kilikuwa kimepanda, kutoka nne nukta nne hadi nne nukta sita, sentimita. Nilifurahi kijinga kwa sababu nilijua kisu kinaanza kufikiriwa kwenye tano. Nikadhani bado tuko salama.

"Kwa maisha ya kawaida, bado hatujafika pa kupasua," daktari akasema. "Kwa mimba, tumeshapita. Mimba inaongeza damu, inaulegeza ukuta zaidi, na wewe baba yako alikufa ghafla. Mkitaka mtoto, upasuaji uje kwanza. Na losartan iachwe kabla hujashika mimba, inamdhuru mtoto. Halafu mjue pia, mtoto anaweza kuurithi. Ni nusu kwa nusu."

Ukamwuliza, "Kwa hiyo nisipotaka mtoto sipasuliwi, nikitaka napasuliwa?"

"Kwa sasa, ndiyo."

Ulitoka mle ndani umekasirika kuliko nilivyowahi kukuona. Ulisema mtu mzima hafunguliwi kifua kwa ajili ya kitu ambacho bado hakijawa hatari. Ulisema utazaa kwanza, watakupasua baadaye, mshipa ukifika kwenye hiyo tano yao. Mimi nikasema hapana. Nikasema sitakugusa mpaka upasuliwe. Nilikuwa namaanisha, na ulijua.

Tuliishi hivyo kwa muda mrefu mno. Ulikuwa unameza dawa nikikuangalia, na kwa kuwa nilikuwa nakuangalia, ukaanza kuzimeza kwa hasira. Ukibeba ndoo nainuka. Ukikohoa nainuka. Ukisema kifua kinakuuma kwa sababu umekula haraka, mimi nimeshavaa viatu. Siku moja ukaniambia, "Mama zetu wamezaa bila kupimwa." Nikakujibu, "Na baba yako alilima bila kupimwa." Ulichukua madaftari ya wanafunzi wako ukaenda kuyasahihishia nje, kwenye baridi.

Sitakuomba radhi kwa hilo, Atu, wala sikuandikii ili nijitie hatiani. Nilikuwa sahihi. Madaktari wote waliokuona baada ya yule wamesema nilichosema mimi. Ungeshika mimba wakati ule, huenda leo nisingekuwa na wa kumwandikia barua hii. Ndiyo maana wivu wangu una uchungu wa namna yake. Mimi ndiye niliyegombana, mimi ndiye niliyechukiwa, halafu akaja mtu mwingine akakuta kila kitu kimeiva.

Uhamisho wako wa kwenda Mbeya ulipotoka, nilipanda basi pamoja nawe. Sikuwa na mpango. Nilisema nakusindikiza stendi, nikajikuta nimekaa kiti cha jirani, tunabishana kwa sauti ya chini ili abiria wasisikie. Tulipita Mafinga tukibishana. Tulipofika Nyololo, ukungu umeshuka mpaka barabarani, wachuuzi wanagonga madirisha, uliniambia, "Umekuwa mlinzi, Festo. Mimi nilitaka mume." Nikashuka. Nilisimama pale ukungu unanilowesha, nikiangalia dirisha lako, na wewe hukugeuka. Nikapanda gari la kurudi Iringa. Mengine yalimalizikia mahakamani, kwa watu wasiotujua.

Halafu ukaja ule ujumbe wako kwenye simu. "Nimekubali kupasuliwa. Nakwenda Dar wiki ijayo. Tafadhali usije." Nimeusoma mara nyingi, na neno linalonichoma si "usije". Ni "nimekubali". Ulimkubalia nani? Mimi nilikuomba, nikakusihi, nikakutisha, nikanyamaza, na hukukubali. Nilimpigia dada yako Subi. Alijaribu kuzungukazunguka, mwisho akasema, "Shemeji, kuna kaka mmoja wa kwaya, Lusajo, anakwenda naye." Bado alikuwa ananiita shemeji, maskini. Nilikata simu, nikarudi kazini, nikakata lenzi ya mteja upande usiostahili. Mzee Jayanti akaniambia nikae nje nipigwe na jua.

Kwa hiyo sikuwepo. Niliambiwa tu, na Subi, kipande kwa kipande. Kwamba waliukata mshipa pale ulipotanuka wakaweka mrija wa kitambaa. Kwamba vali yako mwenyewe, ule mlango wa damu kwenye moyo, ilifaa, wakaibakiza, ili usihitaji zile dawa za kuzuia damu kuganda ambazo zingeleta matatizo kwenye mimba. Hata hilo lilinichoma. Maana yake kabla hujalala kwenye kile kitanda mlishaongea habari za mimba, wewe na yeye, na daktari akiwasikiliza wote wawili.

Mtoto akaja. Nilipata picha kwa Subi. Sikuijibu.

Na pengine ningeendelea hivyo, nikikuonea wivu kwa mbali, kama mume wako asingenipigia mwaka huu. Namba nisiyoijua, saa za asubuhi, nafungua duka. "Kaka Festo, shikamoo. Mimi Lusajo, niko na Atupele." Kaniamkia kabisa, mwanaume tunayelingana naye umri. Akasema umelazwa na homa ya mapafu, una homa kali, daktari anataka kujua ni dawa gani ya moyo iliwahi kukubana kifua zamani, na kumbukumbu zako za Iringa hazijafika. "Nimemwuliza yeye, amesema tu, muulize Festo. Festo anajua."

"Propranolol," nikasema kabla hajamaliza. "Wasimpe hiyo. Ilimbana siku zile zile za mwanzo. Atenolol ndiyo aliyoiweza."

Alirudia jina la dawa taratibu, nikasikia anamwambia mtu. Kisha akasema, "Asante sana, kaka. Ulimtunza."

Ulimtunza! Kama mtu anayerudishiwa mwavuli. Niliona bora angenitukana. Lakini maneno yako nimeyaweka, Atu. Muulize Festo, Festo anajua. Uliyasema ukiwa na homa, mbele yake, na yeye akayafikisha yalivyo.

Ulipopona akapiga tena, akasema nije kuwaona. Nilimwambia sina nafasi. Nilikuja.

Nilitaka nimkute mtu wa hovyo. Nilimkuta anamwosha mtoto kwenye beseni uani, mikono imejaa povu, akanipa kiwiko nikisalimie. "Ndaga, asante kaka, karibu, karibu ndani." Halafu ukatoka wewe. Umenenepa kidogo. Ulivaa blauzi yenye shingo pana, na chini ya koo niliona ule mstari unapoanzia, mwembamba, unang'aa. Sehemu ndogo tu. Nikageuza macho nikaangalia kalenda ukutani, kwa sababu mwili ule niliujua wote, na hilo ni jambo jipya ambalo si langu kuliangalia. Yeye analijua lote, mpaka linapoishia.

Ukaniletea mwanao Gwakisa, amefungwa kwenye taulo. Alikamata kidole changu gumba, na vidole vyake vikazunguka vikapitiliza. Niliviangalia, nikakuangalia wewe.

"Ndiyo," ukasema. "Anao. Walishampima. Mshipa wake umetanuka kidogo sana, wanasema tufuatilie tu. Macho bado yako sawa."

Lusajo akampokea mtoto kutoka kwangu, akamvalisha suruali, akasema, "Huyu hataruhusiwa kukimbia, atacheza mpira wa kikapu wa kukaa kwenye kiti," wewe ukampiga na taulo. Mlicheka. Mimi sikuweza.

Baada ya chakula ulitoa dawa zako kabatini ukameza huku unaongea na mimi habari za mama, hujaambiwa na mtu, hujaangaliwa na mtu. Lusajo alikuwa amesinzia kwenye kochi, mtoto kifuani. Ndipo ulipotoka kwenda uani ukashika ndoo ya maji iliyojaa. Nilisimama mpaka kiti kikaanguka. Ule mshtuko wangu wa zamani, hukuusahau, ulitabasamu. Lusajo akafungua jicho moja. "Acha, Atu, nabeba," akasema, akamlaza mtoto, akabeba ndoo, akaiweka jikoni, akarudi kulala. Hakuna aliyegomba. Haikuwa hata habari.

Nikakufuata uani kwa sababu nilikuwa na swali moja tu lililonileta Mbeya, na halikuwa la afya yako. Nikakuuliza, "Alikwambia nini? Mimi nilisema kila kitu. Yeye alikwambia nini mpaka ukakubali?"

Ulikuwa unakunja nguo za mtoto.

"Hakuniambia kitu. Nilipima hapa Mbeya, kipimo kikawa kimepanda tena. Nikamwambia, wanataka kunipasua. Akaniuliza, unaogopa? Nikasema naogopa kufa. Akasema hata yeye angeogopa. Kisha akauliza, unataka niende na wewe au nibaki? Basi."

"Basi?"

"Basi, Festo. Nilikuwa natafuta mtu wa kumwambia naogopa. Wewe ulikuwa unaogopa kunizidi, nafasi yangu haikuwepo."

Hukusema kwa ubaya.

Nimekaa na hilo tangu nirudi. Nilidhani ninamwonea wivu kwa mtoto. Nikadhani ni kwa ajili ya kovu, au kwa kuwa alikuwepo Dar na mimi nikiwa hapa nasugua vioo vya watu. Ni usingizi wake, Atu. Anajua kila ninachojua kuhusu mshipa wako na wa mwanawe, anajua namba, anajua dawa, na anaweza kusinzia mchana kwenye kochi mkiwa wote wawili chumba kimoja naye. Mimi sikuwahi kusinzia kando yako tangu siku ile ya pazia. Ningejifunzaje? Na kwa nini alipewa yeye, muuza viazi, bila kuuhangaikia?

Ulipokuwa unanisindikiza getini alitoka amevaa kandambili upande upande, akasema, "Kaka, mwezi wa pili Gwakisa anapimwa tena. Njoo twende wote. Wewe unajua kuwauliza madaktari maswali, mimi huwa nasahau." Nilimjibu nitaangalia nafasi.

Nimeshaomba ruhusa kazini. Nitakuja, Atupele. Usimwambie kwamba wivu wangu bado uko pale pale, ingawa nadhani anajua, si mjinga. Nitakaa naye kwenye benchi la hospitali, mimi na mwanaume ninayemwonea wivu kuliko wote waliopo duniani, tukisubiri jina la mtoto wake liitwe. Wakitoa namba, ataniuliza kama ni nzuri au mbaya, na nitamwambia ukweli.

Meza dawa zako. Najua utazimeza.

Mume wako wa kwanza,
Festo